Nimemsamehe Mama Asiye Wangu

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho. Mimi ni bibi harusi mpya, nimeolewa na fundi wa mafriji, na kama ungemwona ungejua kwa nini naanza na yeye kabla ya shida yangu, maana ni mwanaume ambaye akirudi kazini mikono imeganda ananiwekea shingoni, halafu anakimbia, na mimi namfukuza nyumba nzima, na nyumba yenyewe ni chumba na sebule. Sikujua duniani kuna furaha ya namna hii. Nauza mapazia, nasimama kutwa, na bado nikisikia funguo zake mlangoni miguu inasahau kuuma.

Kabla yake nilikuwa na penzi jingine, usishtuke, ni mwimbaji mmoja mwanamke ambaye sisi mashabiki tunamwita Mkwaruzo, kwa sababu sauti yake inakwaruza kidogo kabla ya kuteleza, na ukishaisikia huwezi kuisahau. Tuna chama chetu, na desturi yetu ni kwamba akiimba popote tunakwenda tumevaa kama yeye wa zamani, kama alivyo kwenye picha ya albamu yake ya kwanza: gauni la buluu linalometameta, kola ya manyoya meupe mpaka masikioni, wigi la mawimbi. Na ukishavaa huongei kwa sauti yako, unaongea kwa yake, anayesahau anazomewa. Gauni langu nililishona mwenyewe, na fundi wangu, tukiwa bado wachumba, alinibandikia manyoya moja moja kwa gundi ile anayobandikia mipira ya milango ya friji. Niambie wewe, mwanaume gani mwingine angefanya hivyo?

Basi mwisho wa mwaka Mkwaruzo akaalika chama kizima nyumbani kwake, sherehe ya mchana ya siku ya mapumziko. Kumbe wenzangu walikubaliana kwenye kundi la simu kwamba nyumbani kwa mtu hatuendi na manyoya, tutavaa kama watu. Mimi siku hizo simu nilikuwa naifungua kusoma meseji za mume wangu tu. Tukaingia getini, mimi nametameta, mume wangu kanishika mkono kama kashika kombe, na uani wote wamevaa nguo za kawaida, na Mkwaruzo mwenyewe kavaa suruali ya mazoezi, kanenepa, nywele kazikata fupi kabisa.

Mmoja akapaza sauti, "Jamani, kuku kafika, sufuria liko wapi?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mume wangu akawajibu, "Huyu ana mwenyewe, tafuteni wenu!" lakini mimi machozi yalishafika, nikakimbilia ndani kutafuta maji ya kunawa uso, nikafungua mlango nikidhani ni bafu.

Halikuwa bafu. Alikuwa mama mzee ameketi kitandani, macho yameingia ukungu, sahani ya chakula mapajani haijaguswa. Ni mama yake Mkwaruzo, ila wakati huo sikujua. Akaniashiria nisogee, akapapasa manyoya ya kola, uso ukamfunguka, akasema, "Umerudi, mwanangu? Mbona umekawia hivyo?"

Mshauri, nilikuwa nimevaa. Mdomo umezoea. Nikajibu kwa sauti ya Mkwaruzo, "Nimerudi, mama."

Akala chakula chote, mimi namlisha. Mkwaruzo akatukuta hivyo, akasimama mlangoni, nikajua leo nafukuzwa kama mwizi. Hakunifukuza. Alinivuta ukumbini akaniambia, "Mdogo wangu, mimi mtoto wake ananiita nesi. Ananiuliza zamu yangu inaisha saa ngapi. Kwako kala. Njoo na Jumapili."

Nilikuwa nani nikatae? Mtu niliyembandika ukutani tangu shuleni ananiomba mimi! Nikaenda Jumapili ile, na iliyofuata, na mpaka leo naenda. Navaa gauni na wigi, namlisha mama, namkata kucha, namchana nywele, naongea kwa sauti isiyo yangu mpaka koo linawaka. Mkwaruzo wakati huo analala kwenye kochi la sebuleni, fofofo, kama mtu aliyetua mzigo. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu ya pekee mimi na mume wangu, kwa kuwa siku nyingine zote tuko kazini. Mwanzoni alikuwa ananitania, "Nimeoa mmoja, kila wiki naletewa mwingine, na huyo mwingine kachoka." Siku hizi hatanii. Ananivua viatu, ananikandia miguu, na mikono yake ndiyo inayoniua, maana najua ni mapenzi.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Jumapili iliyopita, nikiwa namchana, mama akanishika mkono akasema, "Ile siku uliyokwenda kuimba mara ya kwanza, ukarudi nikakufungia mlango. Nilikusikia unabisha. Nilikuwa nimesimama upande wa pili, mkono kwenye komeo. Sijawahi kukuambia. Nisamehe, mwanangu."

Akaniangalia kwa macho yale yasiyoona, mkono wangu hajauachia, sikuweza kuvumilia, nikasema, "Yamekwisha mama, nimekusamehe." Akalala hapo hapo, analala kama mtoto. Na mimi nikatoka nikampita Mkwaruzo kwenye kochi, sikumwamsha, sikumwambia, nikaenda kwangu.

Juzi kanipigia, anataka niwe nakwenda na Jumatano baada ya kazi. Mume wangu kasema, "Utakavyoamua niko nyuma yako, ila niambie lini nitakuona." Nimechoka, mshauri, hata furaha yangu imechoka. Niendelee? Niache, mama asile tena? Na yale maneno niyafanye nini?

Ni mimi,
Bibi Harusi wa Manyoya

*

Bibi harusi,

Nimefika mwisho na sikucheka. Pale kwenye kuku nilijikaza.

Hongera kwa ndoa, na umpe salamu fundi. Ila naomba nikugombeze kidogo, kwa kuwa umesimulia habari za huyo mwanaume kwa utamu wa kunitia wivu, halafu ukaniambia Jumapili zake zote umezigawa bila kumuuliza. Kusema "niko nyuma yako" si kusema kwamba hana kinyongo. Ni mtu mstaarabu anayesubiri mkewe aone mwenyewe. Ona basi.

Kumlisha mtu mzee si dhambi. Akili yake ilimwona binti yake, ulimjibu kwa huruma, akala. Kwa hilo sikulaumu, na ningekuwa mimi pengine ningejibu hivyo hivyo. Kosa ni pale mgeni wa siku moja alipogeuka kuwa ratiba. Mkwaruzo naye asinisikie vibaya, amechoka, na kuitwa nesi na mama yako mzazi kunauma kuliko kutukanwa. Lakini ameona njia ya kulala akaishika, na wewe kwa ushabiki wako umemtandikia kochi. Umempenda tangu shuleni, sawa. Sasa mpende kama mtu mzima, yaani mwambie hapana.

Jumatano usiende, na Jumapili mrudishie fundi. Mwambie hivyo hivyo, "Dada, siwezi," na usiongeze maelezo, maana wewe ukianza kueleza utajikuta umekubali na Ijumaa. Gauni mpelekee yeye. Kama mama yake anatambua manyoya, avae mwenye mama. Atajiona kituko mbele ya kioo, na avumilie, wewe umevumilia mbele ya uwanja mzima wa watu. Huenda mama akamjua, huenda akaendelea kumwita nesi. Siwezi kukuahidi. Asipokula kwa binti yake atafutwe mtu wa kumlisha anayeifanya kazi hiyo kwa sura yake mwenyewe, na apelekwe kwa daktari, kwa sababu mzee asiyekula ana mengine zaidi ya kumkosa mtu.

Sasa yale maneno.

Ulichokitoa Jumapili hakikuwa chako. Si wewe uliyebisha. Si wewe uliyesimama nje siku ile, na hujui aliyesimama nje alilia, au alikasirika, au alikwisha kusamehe zamani, au hatasamehe kamwe. Ulijibu kwa sababu alikuwa amekushika mkono, na naelewa, lakini umewaachia watu wawili nyumba moja ambamo mmoja anaamini yamekwisha na mwingine hajui hata kwamba yamesemwa. Yule mwanamke huenda kaishi miaka yote hiyo akidhani mama yake alikuwa amelala. Hajui kuhusu ule mkono kwenye komeo. Unayejua ni wewe, muuza mapazia, na unataka kunyamaza nayo mpaka mama azikwe?

Usimwandikie kwenye simu. Usimwambie ukiwa umevaa wigi. Nenda na mume wako, maana utahitaji mtu wa kurudi naye. Mwamshe kwenye lile kochi, kaa naye, umweleze mama yake alisema nini, neno kwa neno, bila kupunguza na bila kupamba. Kisha mweleze ulichojibu, na umwombe radhi kwa kumjibia.

Anaweza kukufokea. Anaweza kukutoa nje na usione tena uso wake ila kwenye mabango. Pokea. Anaweza pia kunyanyuka bila kukuangalia, akaenda kwenye kile chumba, akafunga mlango. Akifanya hivyo usimfuate, wala usisimame kusikiliza. Watakachoambiana mle ndani si chako. Chukua mkono wa fundi, rudini nyumbani.