Kamba ya Kuvuta Jua

Jumatatu, 3 Februari

Umeme hakuna. Siku ya nne leo. Dada hajapata maji ya moto ya kulowekea mkono, na jiko la mkaa ndani haliwezekani. Moshi unamkaba, anakohoa mpaka machozi. Bi Viungo (ndivyo tunavyomwita yule mtaalamu anayekuja kumnyoosha) alisema waziwazi: tangu ule ugonjwa wa kiharusi mkono wa kulia umelala, kwa hiyo ulowekwe kila alasiri kwenye maji ya moto kiasi, kisha ufanyishwe kazi. Kila alasiri! Siyo umeme ukijisikia.

Halafu mpwa wangu kapiga simu. Anaona bora amchukue mama yake. Kwake ghorofa ya nne, kuna lifti, maji ya moto yanatoka bombani, hata muuguzi ameshamtafuta. Atakuja mwisho wa mwezi. Akikuta mkono uko vilevile, anaondoka naye. Hakusema kwa ubaya, ni mama yake. Lakini ni dada yangu, ndiye aliyenilea tangu nina miaka saba. Nyumba hii bila yeye kunigombeza itakuwa nini? Sijui.

Nikamuuliza yeye mwenyewe anatakaje. "Mwalimu mkuu mzima nikae kwenye kochi la watu kusubiri warudi kutoka kazini?" Akageukia ukutani, mazungumzo yakaisha.

Nje jua bwerere. Na mimi fundi redio wa miaka thelathini nashindwa kupasha ndoo moja ya maji. Aibu gani hii!

Alhamisi, 6 Februari

Nimepasua pipa kwa urefu. Nusu moja nimeilaza juu ya fremu ya chuma, inapinduka upande huu na huu kama susu ya mtoto. Ndani nimebandika karatasi ya kung'aa, ile ya kufungia chakula. Katikati linapita bomba la shaba nililolipaka rangi nyeusi. Mwanga unakusanyika kwenye bomba, maji yanapata moto, yanapanda yenyewe mpaka kwenye tangi dogo juu.

Dada alikuwa anatazama kupitia dirishani. Kasema hilo la maji ya moto kupanda alinifundisha darasa la tano, na mtihani nikapata tisa juu ya hamsini. Miaka arobaini na sita imepita! Huyu mtu hasahau kitu.

Vidole vyangu vyote vina plasta.

Jumamosi, 8 Februari

Maji ya moto! Saa nne asubuhi yalikuwa hayashikiki! Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani.

Saa tano yamekuwa ya uvuguvugu. Saa sita yamepoa, kama hakuna kilichotokea.

Kosa langu. Jua linatembea, pipa limelala. Ule mstari wa mwanga ukishatoka kwenye bomba, ndiyo basi. Lazima pipa lifuate jua kutwa nzima, na mimi nina redio za watu mezani. Nitaunda mtambo wa kuligeuza wenyewe, ila utachukua siku. Kwa sasa nimefunga kamba kwenye ukingo wa pipa, nikaipitisha kwenye kapi mpaka barazani. Ukivuta kidogo, pipa linageuka.

Sasa nani wa kuvuta kila robo saa? Nilikuwa najisemea tu. Dada akajibu kutoka ndani: "Na mimi hapa kazi yangu nini, kuhesabu mbao za dari? Nitolee kiti."

Jumanne, 11 Februari

Siku ya tatu Dada yuko kazini. Saa mbili kamili anataka kiti barazani, miwani, gazeti, saa ya mkononi. Anavuta kwa mkono wa kushoto. Mstari ukihama upana wa kidole, anavuta. Mimi nikipita njiani ananiamuru nisimame pembeni, namzibia jua. Wingu likija analigombeza kama mwanafunzi mchelewaji.

Alasiri maji yalikuwa makali, tumeongeza ya baridi. Kaloweka mkono nusu saa nzima. Kala chakula chote, kisha kaniambia shati langu linatia aibu ukoo.

Amerudi. Yaani kelele zake zimerudi! Nimefurahi, sijui hata niandikeje.

Ijumaa, 14 Februari

Mtambo unasogea. Nimechomoa vijicho viwili kwenye taa mbovu za nje, zile zinazojiwasha giza likiingia. Nimeviweka bega kwa bega, katikati nimesimamisha kibao chembamba. Jua likienda upande, kibao kinatia kivuli jicho moja, mota inazunguka mpaka yote mawili yapate mwanga sawa. Mota ni ya waipa za gari, inakula betri. Kichwani ni rahisi. Mezani imenitoa jasho!

Bi Viungo kaja. Kamwambia Dada afumbe kiganja. Vidole viwili vimekuja! Vimefika nusu, lakini vimekuja. Mwezi uliopita havikutikisika. Bi Viungo akapiga makofi, Dada akajifanya haoni ajabu, kisha akafumba tena bila kuambiwa.

Maji ya moto hayo! Nilimwambia Bi Viungo, mtambo ukikamilika tutayapata mengi zaidi, mpaka mwisho wa mwezi mkono utakuwa unapiga watu.

Kitu kingine. Mchana nilimkuta Dada kaizungusha kamba kwenye mkono mbovu, anavuta kwa huo, meno kayauma. Mkono wa kushoto ulikuwa na gazeti. Nikataka kumsaidia. "Usinitazame. Tazama koleo lako."

Jumatatu, 17 Februari

Leo nimechekwa, na nilistahili.

Nimefunga mtambo. Asubuhi yote umelifuata jua vizuri kabisa, hatua kwa hatua, mpaka nikaanza kujiona mtu. Saa nane wingu limefunika jua. Jirani juzi kaezeka bati jipya, na huko kwake jua lilikuwa bado linawaka. Mtambo ukasita. Ukageuka. Ukarudi nyuma wote mpaka mashariki, ukalikodolea macho paa la jirani! Wingu limepita, jua lipo upande wa pili, wenyewe hata habari hauna.

Jirani akanipigia kelele: "Fundi, mashine yako inanipiga jicho!" Mkewe kacheka mpaka kakaa chini. Dada ndiye aliyevuta kamba kulirudisha pipa, huku akisema huu mtambo umerithi akili za baba yake.

Kesho nauvalisha kofia ya bati la kopo. Utatazama juu tu.

Alhamisi, 20 Februari

Umefanya kazi!

Kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja bila kuguswa. Mawingu mawili yamepita, umesubiri kwa adabu, jua likatoka, ukaendelea. Maji yamejaa tangi zima. Nimesimama uani mikono kiunoni kutwa nzima, kazi za watu sijagusa. Miaka thelathini nafufua vitu walivyounda wengine. Hiki nimeunda mimi.

Nikaifungua kamba, nikaikunja, nikaiweka stoo. Nikamwambia Dada sasa apumzike, amehangaika vya kutosha.

"Hongera," akasema. Akaomba nimsaidie kuingia ndani akajinyooshe.

Jumamosi, 22 Februari

Maji ya moto kutwa. Jirani kaniuliza nitamtengenezea lini wake. Dada kalala mpaka alasiri.

Jumanne, 25 Februari

Tumegombana. Gazeti la juzi halijafunguliwa, la jana halijafunguliwa, chakula kaonja vijiko vitatu. Mkono unalowekwa kila siku, lakini anauacha majini kama si wake. Uvumilivu ukanishinda. Nikasema nimejitoa mhanga wiki tatu kwa ajili yake, na yeye ananuna!

"Nani kasema sishukuru?" Basi. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningelala vizuri.

Zimebaki siku tano mwanawe aje.

Jumatano, 26 Februari

Bi Viungo kashika mkono, kaugeuzageuza. Vile vidole viwili haviji tena. Kanivuta pembeni. Kauliza nini kimebadilika. Nikasema hakuna, maji ni ya moto kuliko zamani. Kauliza tena, siku zile mkono ulipokuwa unaamka, Mwalimu alikuwa anaufanyisha kazi gani?

Nikafungua mdomo nijibu hakuna. Nikaona kamba.

Mungu wangu! Ile kamba! Kutwa, kila robo saa, siku baada ya siku, na siku zile za mwisho alivuta kwa mkono mbovu. Na si mkono tu. Alikuwa anaitwa, alikuwa anasubiriwa, bila yeye nyumba haina maji. Halafu nikaja mimi na kofia yangu ya bati, nikamfukuza kazi, nikamwambia apumzike! Nimeona aibu sijawahi kuona. Bi Viungo kauliza kama naumwa.

Ijumaa, 28 Februari

Jana nimekaa mbele ya mota saa nzima. Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: iliniuma. Sijawahi kuunda kitu kizuri kama hiki, na sidhani kama nitaunda kingine. Leo asubuhi nimepiga moyo konde, nikachomoa waya.

Nikaingia kwa Dada nikamwambia mota imekufa.

"Imekufa."

"Imekufa kabisa. Spea zake hazipatikani."

Akanitazama shingoni. Akasema tangu nikiwa mtoto, nikidanganya najikuna shingo. Nikashusha mkono. Nilidhani atanifukuza. Akauliza, "Kamba umeitupa wapi?"

Kavuta vibaya. Imemponyoka mara tatu, maji yametoka ya uvuguvugu. Vidole vimekakamaa, amelia kidogo, kwa hasira. Nilipotaka kuchukua kamba kaniambia nitoke mbele ya macho yake. Nikatoka.

Jumapili, 2 Machi

Saa tano. Naandikia hapa benchini, uani, la sivyo nitaingilia.

Mpwa wangu kafika saa tatu, kaja na gari kubwa ili kiti cha mama yake kiingie. Kanisalimu vizuri, "Shikamoo mjomba," kaniletea hata shati. Kasifia pipa. Kisha, kwa kuwa yeye ni mhandisi, kainama kuangalia mota. "Mjomba, mbona nzima? Waya tu umechomoka. Niurudishie?"

Nikasema uache. Kaniuliza kwa nini. Nikaokota koleo, nikaanza kuifuta. Akamtazama mama yake barazani, jasho linamtoka, kamba mkononi, akanitazama mimi. Kasema taratibu kwamba hakutarajia kukuta mama yake mgonjwa anafanyishwa kazi ya mashine. Anaona heri wafunge mizigo sasa hivi, wasafiri kabla ya mchana kuwa mkali.

Macho ya Dada yako kwenye bomba. Mstari umeshahama zaidi ya kidole.

Sasa mpwa wangu kaenda kapiga magoti mbele ya kiti. "Lete mama, inatosha, utajiumiza." Kashika kamba juu kidogo ya mkono wa mama yake, ule wa kulia. Anaivuta polepole aitoe. Haitoki. Anavuta tena. Anavitazama vidole, vyote vitano vimefumba. Anajaribu kimoja kimoja, na Dada anamwambia asogee pembeni, anamzibia jua —