Maji Yaliyonyooshwa

9 Mei

Kaka,

Nisamehe kwa kukaa wiki sita bila kukuandikia. Mtoto anaota meno, nami nilikuwa na hasira isiyofaa kutiwa kwenye bahasha. Sisi wazima. Wewe na wifi hamjambo?

Nimeanguka jaribio la kemia. Swali: je, maji ni polari, yaani molekuli yake ina upande hasi kidogo na upande chanya kidogo? Nikajibu siyo. Mwalimu wa masomo ya jioni akanisomea jibu mbele ya darasa. Mmoja akauliza, “Mama Mtoto, kama maji si polari, kwako chumvi inayeyuka kwenye nini?” Wakacheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Mwalimu amesema asiyejua maji hamsajili mtihani wa mwisho. Bila mtihani huo, chuo cha maabara nitakisikia redioni tu.

Nilisomea daftari ulilonichorea. Umelisahau?

Mdogo wako

15 Mei

Mdogo wangu,

Pole. Huku salama, wifi yako anakusalimu. Lakini usitafute mchawi. Miaka kumi na moja nafundisha kemia! Oksijeni na haidrojeni zikishikana, kifungo ni cha polari, basi, maji ni polari. Kunyonyesha na kukariri haviendi pamoja, mama. Pumzika mwaka huu.

Kaka yako

4 Juni

Kaka,

Mimi sijambo, mtoto hajambo, jino limetoka. Salamu zimeisha.

Sikukariri, nilifikiri. Oksijeni ni mchoyo, inazivutia kwake elektroni za kila haidrojeni. Hapo sawa. Lakini wewe ulizipanga atomi tatu kwenye mstari mmoja kama rula, ili zienee ukingoni mwa ukurasa. Zikikaa hivyo, mvuto wa kushoto unafuta wa kulia. Kabonidioksaidi ndiyo iliyonyooka kweli, na ndiyo maana si polari ingawa vifungo vyake ni vya polari. Maji yamepinda kama kiwiko! Mivuto yote miwili inaelemea upande wa oksijeni, haifutani. Kifungo peke yake hakitoshi, lazima utazame na umbo. Nimeyasoma kwenye kitabu cha kuazima, mtoto akinyonya.

Akili yangu ilikwenda sawa, mchoro wako ndio ulionipoteza. Nakupenda, kaka, ila sitapumzika mwaka mzima ili wewe usiaibike.

Usajili unafungwa tarehe ishirini. Nitumie nguo zilizombana mtoto wenu, kama wifi hajazigawa. Kipimapembe. Kitabu chako chenye michoro ya maumbo. Na barua kwa mwalimu wangu, kwa mwandiko wako mwenyewe, imwambie ni nani aliyeyanyoosha maji.

Mdogo wako