Jaketi Tuliyoichagua Mikinduri

Mama yangu wa Mikinduri,

Watu hushangaa nikikuita mama bila kuongeza neno "mkwe." Waache washangae. Leo nimekukumbuka tangu asubuhi, mvua ikinyunyiza, na nikaona nikuandikie yale ambayo nilipaswa kukuambia ukiwa bado umeketi pale jikoni kwako.

Nilipoolewa kwenu, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nilitoka Mbeere na viatu vya wazi na magauni mepesi. Nilifika mwezi wa saba: asubuhi ukungu, saa nne manyunyu, jioni ukungu tena. Mwanao alikuwa kazini Meru, amepanga chumba Kinoru, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mimi nilitembea saa nzima kwenda shuleni kufundisha na saa nzima kurudi. Nilikohoa mpaka darasa la nne wakawa wananyamaza wenyewe kwa kunihurumia.

Basi nikaandika barua ya kuomba uhamisho nirudi upande wa kwetu, Embu. Nilimkabidhi mwalimu mkuu nikamsihi asimwambie mtu. Mwanao hakujua. Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi, maana nilijua nikishatoka kwako, ndoa yenyewe ingefuata polepole.

Unalikumbuka lile koti langu la sufu? Sisi watu wa joto hudhani nguo nzito ndiyo yenye joto. Nilijinunulia refu, la kijivu, lenye vifungo vikubwa, nikajiona mwalimu kweli. Siku ya kwanza likanywa manyunyu yote ya njiani, nikafika nyumbani nimelibeba kuliko lilivyonibeba. Ulilikamua upindo, ukanitazama.

"Mwari," ukasema, ukiniita binti kwa Kimeru kama kawaida yako, "hii si koti. Hii ni blanketi iko na vifungo."

Nilikasirika. Sasa nakiri kwamba nilikasirika kwa sababu ulisema kweli.

Jumatatu ya likizo ukaniambia nijitayarishe, tunaenda sokoni. Ulitia ukanda wako wa kubebea kuni, ule unaopita kwenye paji la uso, ndani ya kiondo, nami sikuuliza, kwani ni nani aliyewahi kukuuliza jambo? Pale kwenye mitumba walikuwa wamefungua belo la majaketi, wanawake wamejaa wanavuta huku na huku. Mimi nilikimbilia nyekundu iliyojaa pamba. Ulinishika mkono ukanivuta kando kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na moto.

Ukachagua polepole. Uliipuliza moja kwa mdomo, mkono wako ukiwa upande wa ndani, uone kama upepo unapita. Nyingine uliimwagia chai yako ya chupa, ukatazama kama matone yanateleza au yanaingia. Mwenye mali akaanza kulia, "Mama, hiyo nani atanunua sasa?"

"Kama imekunywa chai yangu, hata wewe hufai kuiuza," ukamjibu.

Ndipo ukapata ile ya kijani iliyoiva, laini kwa nje, ndani ina manyoya mafupi, kitambaa chake kinavutika kidogo, na kofia yake imeshonewa shingoni. Ulinivalisha juu ya sweta. "Inua mikono, kama unachuma kahawa." Nikainua. "Inama." Nikainama. "Geuza kichwa. Unaona gari ikikuja?" Niliona, kofia iligeuka pamoja nami. Halafu, mbele ya soko zima, ukatoa ule ukanda, ukanivisha juu ya kofia, kwenye paji la uso, ukauvuta kwa nyuma kwa nguvu zako zote kama mzigo wa kuni.

Watu walicheka. Mwenye mali alicheka mpaka akakaa. Mimi mwalimu nimesimama kama punda, na wewe unauliza kwa utulivu, "Inakuumiza?"

Haikuniumiza. Kofia ilikuwa imeikinga ngozi.

"Hii utafunza nayo, utabeba kuni nayo, na kanisani utaingia nayo ukifunga zipu," ukasema. Kisha ukauliza swali ambalo sikulielewa siku ile. "Na huko kwenu kwa jua, utaivaa?" Ukafungua zipu yote, ukaikunja, ukaipima kiganjani uone uzito wake. "Ni nyepesi. Asubuhi utaivaa, mchana utafunga kiunoni."

Nimeivaa miaka yote hii, mama. Nimepanda nayo Nyambene na kushuka nayo hadi Karurumo, upande wetu wa Embu. Mkono wa kushoto nimeutia kiraka mara mbili. Kikohozi kiliisha kabla ya muhula uliofuata kwisha. Uhamisho ulipokubaliwa, nilimrudishia mwalimu mkuu ile karatasi nikamwambia nimebadili nia. Nilidhani siri hiyo ni yangu na yake.

Wiki iliyofuata mazishi yako, rafiki yako wa kanisani, yule mliyekuwa mkikaa naye benchi moja, alikuja kunisaidia kuosha sufuria. Akaniambia mwalimu mkuu alikuwa amekudokezea habari za barua yangu Jumapili ile, siku moja kabla ya soko. Huyo rafiki yako ndipo alipokuuliza kwa nini hukunikalisha chini unikanye. Ukamjibu, "Akitaka kwenda, aende akiwa amevaa."

Niliweka sufuria chini, nikalia kama mtoto.

Hukunikanya, hukuniomba nibaki, hukumwambia mwanao. Ulinitafutia nguo inayofaa kwako na kwetu, ukaniachia njia. Nimekupenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Mwanao mpaka leo hudhani nilibaki Mikinduri kwa ajili yake. Sijamwambia, na wewe usimwambie.

Pumzika vyema, mama.

Ni mimi mkamwana wako,
mwari wako wa Mbeere