Mama Yenu Amelinyoosha Gari

Wanangu,

Wali uko kwenye sufuria, upasheni moto. Mdogo asiguse jiko. Nimepita kuchukua maji na miwani ya mama yenu, narudi kwenye uwanja wa mbio za magari.

Asubuhi mlinisikia nikifoka. Ni mimi niliyeficha funguo za gari lake. Tangu limteleze kwenye mvua mwaka jana alikuwa hajashika usukani, na woga wangu ulizidi wake. Hakugombana. Alinyoosha mkono tu: "Baba watoto, nipe, halafu njoo uone."

Nimeona. Mwalimu wa udereva alikaa kando yake, wahudumu wa uwanja wakamwaga maji kwenye kona makusudi ili gari liteleze. Gari likayumba, nikafumba macho. Kufumbua, ameshalinyoosha! Mwalimu akatoa kichwa dirishani: "Huyu mama gari linamtii!" Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu.

~~Tutarudi saa kumi.~~ Hapana. Kuleni haraka, shangazi atawapitia saa nane awalete uwanjani. Nilimkatalia mama yenu funguo mbele yenu, kwa hiyo nataka muwepo nikimwomba radhi.

Baba