Nyuzi za Kofia ya Robi

Nyamisangura, Tarime
12 Januari 2025

Shangazi Nyangi,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko Dar, na utafiti wako wa saratani kwa panya unaendelea. Sisi ni wazima isipokuwa Robi, mtoto wa baba mdogo Mwikwabe, na ndiyo sababu naandika. Kwenye simu siwezi, nyumba nzima inasikiliza.

Tangu nimalize kidato cha nne namsaidia mama kufuma masweta ya shule. Jumamosi ya wiki iliyopita nilimpima Robi kofia yenye mkanda wa kufunga chini ya kidevu. Futi yetu imefutika namba, kwa hiyo tunapima kwa uzi. Jumatano mkanda haukufika upande wa pili. Mama akasema, "Umepima vibaya. Hata kidevu cha mtoto kinakushinda?" Nikafumua, nikapima upya. Jana haukufika tena.

Shangazi, sikupima vibaya. Shavu lake la kushoto limevimba. Baba mdogo anasema ni jino, na moja limeshang'olewa. Nimekuwekea nyuzi tatu, za siku tatu nilizopima. Sijamwambia mtu.

Mwanao,
Waisiko

Dar es Salaam
15 Januari 2025

Mwanangu Waisiko,

Marahaba. Mimi mzima, ila leo sijafanya kazi yoyote. Nyuzi zako ziko mezani mbele yangu.

Sijui Robi ana nini. Itajulikana hospitali, wakikata kipande kidogo cha uvimbe na kukichunguza. Lakini ipo saratani ya watoto inayopenda taya, ambayo seli zake hujigawa upesi sana. Zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Nimeiona kwenye hadubini: seli zimebanana, zina rangi ya bluu iliyokolea, na katikati kuna madoa meupe. Madoa hayo ni seli za mwili zinazofagia zilizokufa. Wenye fani tunasema inafanana na anga lenye nyota. Siku ya kwanza niliona haya kwamba kitu kinachoua kinapendeza hivyo.

Sasa sikiliza. Dawa huzikamata seli zinapojigawa. Hii, kwa haraka yake, inajileta yenyewe. Wakiwahishwa, watoto wengi hupona.

Nimempigia baba yako mdogo. Amesema, "Wewe ni daktari wa panya. Mtoto ana jino." Akakata. Nyuzi nakurudishia. Mwonyeshe wewe. Waende Mwanza, wiki hii hii.

Shangazi yako,
Nyangi

Nyamisangura
18 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikuja na basi jana, nikaisoma chooni. Leo nimezunguka zizi mara tatu kabla ya kumfuata baba mdogo. Maneno yako yote yalinipotea. Nilizitandika nyuzi kwenye benchi, ncha sawa, nikasema tu, "Jumamosi. Jumatano. Jumamosi." Kisha nikampima Robi mbele yake. Uzi wa nne ukaupita wa tatu kwa vidole viwili.

Alipitisha kidole kwenye nyuzi zote nne. Akasema, "Hata ndama haongezeki hivi."

Tunaondoka kesho asubuhi. Mama amesema niende nao, kwa sababu najua kupima.

Mwanao,
Waisiko

Dar es Salaam
2 Februari 2025

Waisiko mwanangu,

Hamjambo? Wiki mbili sasa, na simu ya Mwikwabe haipatikani. Niandikie hata mstari mmoja, wa namna yoyote.

Shangazi yako

Mwanza
16 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, niliogopa kuandika kabla sijaamini macho yangu.

Ni ile uliyoisema. Dawa zilipoanza Robi alitapika sana, hata uji ukamshinda. Siku ya tatu nikampima, uzi ukawa mfupi, nikadhani nimekosea. Siku ya tano nikapima tena. Shangazi, uvimbe ulikuwa unaondoka kama ulivyokuja. Asubuhi moja jicho lake la kushoto likaonekana lote. Baba mdogo akamuuliza nesi umekwenda wapi. "Mwili umeusafisha," nesi akasema. "Umeupeleka wapi?" akauliza tena, akainama kuchungulia chini ya kitanda. Hakuwa anatania.

Awamu za dawa bado zipo, na daktari hajatuambia amepona. Nywele zimedondoka, kwa hiyo kofia anaihitaji. Juzi mama alikuja nayo, akamvalisha. Mkanda ukaning'inia hadi kifuani.

"Umepima vibaya," mama akasema, akageukia dirishani ili nisimwone uso.

Uzi wa saba uko ndani ya bahasha. Fungua taratibu, ni mfupi.

Mwanao,
Waisiko