Mikuki ya Jumamosi

Jumapili, 2 Februari

Nimepewa mkuki wa tatu! Mimi, Nohea, mkata samaki wa dukani. Mjomba Palakiko katangaza mezani leo, mdomo umejaa nguruwe. Jumamosi ya tarehe kumi na tano tunafunga Makahiki, msimu wetu wa sikukuu na michezo, miezi ya amani inakwisha, na kama kila mwaka yeye atashuka mtumbwini na kusimama mchangani apokee mikuki mitatu ya kurushiwa, aidake au aikwepe. Wa kwanza na wa pili ni wa Lopaka, mwanawe. Wa tatu, ule mgumu, ni wangu.

Anti Luika, mkewe, akapiga makofi. Lopaka akasema basi tuagize jeneza mapema. Tukacheka sote.

Kisha Mjomba akanyoosha mkono kuchukua bakuli la poi, rojo ya magimbi. Akashika hewa. Bakuli lilikuwa kushoto kwake, karibu kabisa. Akapapasa, akalipata, akaendelea na hadithi yake.

Nimerudi nyumbani nalifikiria lile bakuli. Labda alikuwa amechoka tu.

Jumatano, 5 Februari

Mazoezi, ufukwe wa mchanga mweusi. Mikuki yetu haina ncha, lakini mti ni mti — mwaka juzi mmoja ulivunja mtulinga wa Lopaka, na mpaka leo mkono wake wa kushoto haupandi juu ya bega. Ndiyo maana yeye hurusha tu, hapokei.

Lopaka karusha miwili, yote ikamjia kulia. Mjomba akaudaka wa kwanza, akaupangua wa pili. Na umri ule! Wazee wana msemo juu ya mpiganaji wa namna hiyo: ni samaki pono, ukidhani umemshika keshateleza.

Halafu wangu. Ulipita sikioni kwake, upande wa kushoto. Hakutikisa hata ukope. Watu wakashangilia — mwone shujaa, hapepesi! Mimi nilikuwa namtazama usoni. Hakupepesa kwa sababu hakuuona.

"Ulikuwa unalenga ndege, binti?" akaniuliza, anacheka.

Lopaka naye: "Nohea, unarusha mkuki au unaanika nguo?"

Nilicheka pia.

Alhamisi, 6 Februari

Baada ya kazi nilipitia kwao na kipande cha jodari. Mjomba alikuwa kibarazani. Nikamshikia kile kipande karibu na shavu la kushoto, kimya. Hakugeuka. Nikahamia kulia. Hapo akakunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo, akanusa, akafungua mdomo.

Nikamfuata Anti Luika jikoni. Nikaanza: Anti, Mjomba ha— Akaniziba mdomo kwa kiganja chenye chumvi. Anajua! Machozi yalimlenga. Akaninong'oneza nisilitaje, nisithubutu. "Umesahau ulivyofundishwa? Katika neno mna uhai, katika neno mna kifo. Ukilitamka umeliita."

Ndivyo tulivyolelewa. Hata mvuvi hasemi anakwenda kuvua, husema anazunguka zunguka tu. Sasa je, kuandika nako ni kutamka? Sijui. Naliandika dogo, kwa penseli: naogopa nitamuua Mjomba.

Nimelifuta. Bado linasomeka.

Jumamosi, 8 Februari

Sikulala. Nimeota ua jekundu la lehua likidondoka kutoka mtini. Mashujaa wetu wa zamani waliitwa hivyo, maua ya lehua. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatatu, 10 Februari

Mazoezi tena, na nilikuwa na ujanja wangu. Nirushe polepole, juu juu, upande wa kulia ambako bado anaona kidogo. Nani atajua?

Ujanja gani! Mkuki uliorushwa kwa woga hauruki, unayumba. Ulishuka kabla ya wakati wake, ukampiga muundi. Akapiga goti. Damu! Nilipiga kelele kuliko yeye.

Akanyanyuka, akanijia akichechemea. Sijawahi kumwona na uso ule. "Mimi nasoma bega lako, Nohea. Bega likinidanganya, nitashika nini? Usinirushie huruma. Wala usirudie tena."

Lopaka akasema watu wa Kaʻū, kwetu huku, walisifika kwa ukali vitani, kumbe siku hizi tunauana kwa upole.

Basi. Nikirusha kweli, haoni. Nikirusha uongo, anaumia. Na Jumamosi inakuja tu, haina habari na mtu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimelitamka.

Alikuwa uani anaponda magimbi ya poi. Nilisimama kushoto kwake muda mrefu. Hakujua nipo. Hilo ndilo lililonivunja. "Mjomba, huoni. Nitakuua, Mjomba."

Kwa sauti! Nikakaa chini hapo hapo. Nikangoja mbingu ishuke.

Jiwe la kupondea likasimama. Akauliza kama Luika anajua. Nikasema ndiyo. Na Lopaka? Sidhani. Akachovya mkono majini, akaponda kidogo, akaacha tena.

"La kushoto limezima tangu mwaka jana," akasema. "La kulia ni ukungu mtupu. Nilidhani nawaficha. Kumbe mlikuwa mnanilea."

Nililia tu, naona aibu.

Ndipo akaniuliza kama nakumbuka ule wito wa vita. Nani asiyeukumbuka? Songeni mbele, wadogo zangu, mnywe maji machungu. Kila mtoto wa visiwa hivi anaujua. Akasema watu wakiusikia humfikiria chifu mkubwa aliyeupaza, hawawafikirii wadogo. "Wale walikuwa wanatetemeka, mwanangu. Wangekuwa hawaogopi, angewaita wa nini?"

Nikadhani anajitoa. Nikashukuru moyoni. Mapema mno!

"Jumamosi utapokea wewe. Wa tatu nitarusha mimi."

Katika ukoo wetu anayetoka humrushia anayeingia, hilo nalijua. Lakini jamani! Nikamwambia, basi Lopaka ndiye arushe yote mitatu. Hataki. Nikamwambia huoni! Akasema masikio anayo. Niupaze ule wito bila kukatiza, mpaka mkuki utoke mkononi mwake. Yeye atarusha penye sauti, na mimi mwenye macho nitaudaka.

"Ukikataa, sawa. Nitasimama mwenyewe, kama miaka yote."

Na angesimama. Namjua. Nimesema ndiyo.

Ijumaa, 14 Februari

Mazoezi, sisi wanne tu. Lopaka kaambiwa. Alimtazama baba yake, kisha akaenda kuokota mikuki.

Wa kwanza wa Mjomba — niliudaka! Kwa kweli niliudaka. Viganja bado vinawaka.

Wa pili. Nilimwona anavuta mkono nyuma na sauti ikanikatika kwenye "machungu". Lakini mkono ulikuwa umeshaurusha. Mkuki ukaenda ulikotaka wenyewe, ukagonga boksi la barafu alilokalia Anti Luika. Chini yake kabisa! Anti hakupiga kelele. Alishuka taratibu, akakaa mchangani.

"Sauti, Nohea!" Mjomba alikuwa mweupe midomoni. "Usininyamazie! Ukininyamazia sina macho."

Kwa hiyo si mimi peke yangu. Nikinyamaza kesho, ufukwe mzima una watu.

Wa tatu niliita vizuri, nikachelewa kudaka. Umenipata ubavuni. Anti amenikanda kwa maji ya chumvi. Nikamwambia, Anti, nisamehe kwa kulitamka. Akasema yeye ndiye aliyekosea, alidhani ukimya unalinda. Kisha akaendelea kukanda.

Jumamosi, 15 Februari

Asubuhi. Niko chini ya turubai. Nimefungwa kitambaa kiunoni, mtumbwi unaningoja. Watu wamejaa, watoto wamekaa mbele kabisa, hakuna anayewarudisha nyuma.

Lopaka kaja. Kaniwekea mkono begani, kaniambia yake miwili ataitupa sawasawa, nisiiwazie hiyo. Akaondoka. Hakutania! Lopaka, hakutania. Nimeogopa leo kuliko siku zote.

Nimejaribu wito kwa kunong'ona. Songeni mbele, wadogo za— Koo kavu. Nimemaliza chupa nzima ya maji. Koo kavu vile vile.

Mjomba namwona kutoka hapa. Kavaa shuka lake la manjano, mkuki mkononi, kichwa kakiinamisha upande, anasikiliza. Watu wanamwamkia, anawapungia. Wanapungiwa wa upande mwingine.

Baragumu limelia. Anti ananipokonya penseli, nimemwambia bado kidogo.

Mjomba amegeuka. Ameelekea kule kwenye magari, mimi niko huku. Anaita, si kwa nguvu, kama anavyoniita nyumbani chakula kikiwa tayari:

"Nohea? Uko wapi, mwanangu?"

Nampa Anti penseli, nimwitikie.