Hatuchukui Gari

Jumatano, 3 Desemba

Ghorofa ya sita yote peke yangu leo. Mwenzangu anaumwa. Mgongo umekufa.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha familia yenye gari. Nilijua hata kabla sijaingia bafuni. Taulo kavu, zimekunjwa vilevile nilivyoziacha jana. Wageni wenye gari hawakai hotelini. Wanatoka asubuhi, wanarudi na mifuko, wanalala. Wanaonitesa ni wasio na gari. Taulo mbichi hadi mlangoni, makombo kitandani, maji kila mahali. Hao wanakaa pamoja kwa sababu hawana pa kwenda.

Nataka taulo mbichi. Jumatatu tunakwenda risoti, ile ya michezo ya maji, kusini kabisa, mchangani. Bosi wa huko ndiye bosi wa hoteli yetu, kwa hiyo wafanyakazi tunapunguziwa. Tunakwenda mimi, Hamadi mume wangu, Nasra mwanetu, na wifi Saumu, dada wa Hamadi.

Nimerudi nyumbani Wakrah, nje kidogo ya Doha, nikakuta habari. Madam amempa Hamadi gari tulitumie likizo. Hamadi ni dereva wa nyumba ya huyo Madam kule Pearl, kwa matajiri. Wifi akasema alhamdulillah kabla sijavua viatu.

Nikasema hatuchukui gari.

Alhamisi, 4 Desemba

Nyumba nzima imenuna. Vizuri.

Nasra ana miaka saba. Nilimwacha Tanga akiwa na miwili, nikaja huku kazini, Saumu akamlea. Sasa Saumu amemleta kwa matembezi ya likizo ya shule. Shule ikifunguliwa atarudi naye. Mtoto anamwita Saumu mama. Mimi ananiita Mama Doha. Hana ubaya, ndivyo alivyonizoea kwenye simu. Lakini kila akisema nasikia moto kifuani.

Anaogeshwa na Saumu. Analishwa na Saumu. Analala ubavuni kwa Saumu. Siku tulipowapokea uwanja wa ndege na hilo hilo gari la Madam, wao walikaa nyuma, miguu ya Nasra mapajani kwa wifi. Mimi nikakaa mbele kama mgeni. Niligeuza shingo njia nzima kumwangalia mwanangu. Shingo iliniuma mpaka kesho yake.

Siku nne za risoti ndizo nilizo nazo. Nataka mtoto anijue kabla hajaondoka. Sina jingine ninalotaka.

Ijumaa, 5 Desemba

Ugomvi tangu Hamadi aliporudi msikitini.

Anasema mtoto akiugua kule tutafanyaje. Anasema dada yake atachoka kukaa sehemu moja. Anasema Madam ametoa kwa moyo. Mwanamume anaendesha gari mwaka mzima, anaomba likizo, na likizo yenyewe anataka aendeshe.

Nilimkumbusha Idi. Tulilichukua gari la Madam tukaenda Corniche, ufukweni. Sijafungua hata kifuniko cha biriani, simu ikalia, mtoto wa Madam kasahau miwani nyumbani. Hamadi akaondoka. Nikala peke yangu kwenye majani, nafukuza paka. Gari la Madam linakuja na simu ya Madam.

Sababu nyingine sikuisema. Tukiwa na gari, wifi atataka sokoni, na Nasra atamfuata. Nitabaki mimi na taulo kavu.

Saumu alikuwa jikoni anasikiliza. Akamwambia Nasra kwa sauti ya kunifikia kwamba wengine wakishaishi ughaibuni wanasahau kuwa watu wana miguu. Nilifunga mlango wa chumba. Kwa nguvu.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimempigia Madam.

Hamadi alikuwa anaoga, namba nimeitoa kwenye simu yake. Nilimshukuru kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, nikamwambia gari hatulihitaji, tumepata usafiri. Akasema khalas, mafi mushkila, basi, hakuna shida. Dakika moja tu.

Sijutii.

Jumapili, 7 Desemba

Hamadi alienda kuchukua gari, Madam akamwambia mkeo kakataa.

Amerudi kwa basi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alisema nimemfanya mtoto mdogo mbele ya bosi wake, kisha akalala sebuleni. Saumu kampelekea chai huko huko. Mimi sikuletewa.

Nimepanga mabegi ya wote. Nguo za wifi nimezikunja vizuri kuliko zangu. Sitaki aseme neno.

Jumatatu, 8 Desemba

Basi la hoteli lilijaa. Nasra alikaa na Saumu, Hamadi akakaa nyuma yao, mimi nikapata kiti mbele karibu na dereva. Mbele tena.

Mahali pazuri, siwezi kudanganya. Mabomba ya kuteleza ya rangi zote, na bahari kwa nyuma. Zaidi ya hapo mchanga tu. Wifi alisimama dirishani, akauliza duka liko wapi. Nikamwambia hakuna duka. Akauliza mtu akitaka kutoka anatokaje. Nikamwambia hatoki.

Usiku Nasra akalala na Saumu. Mimi na Hamadi kitanda kimoja, migongo imetazamana.

Jumanne, 9 Desemba

Siku mbaya.

Kumbe Jumanne ni siku ya wanawake, wanaume hawaingii majini. Mimi ninayekula kwa kazi ya hoteli nimeweka nafasi bila kuuliza. Hamadi alizuiwa getini mbele ya watu, akarudi kukaa mapokezi. Hana gari, hana maji.

Nikajipa moyo. Siku ya wanawake, basi iwe yangu. Mtoto wa kimo cha Nasra hapandi bomba bila mtu mzima, na mtu mzima lazima awe na nguo za kuogelea. Mimi nilinunua zangu mapema, za stara, hadi kofia. Saumu alikuja na dera. Wakamwambia akae kwenye viti. Moyo wangu ukacheka. Nilisema ukweli nitauandika humu, basi ndio huo.

Nikamshika Nasra mkono twende. Akauchomoa. Akasema, "Sitaki na Mama Doha. Nataka na mama."

Mama hana nguo. Basi haendi mtu.

Wamekaa chini ya mwavuli kutwa, mtoto kajikunyata, macho kwenye maji. Mimi nikapanda peke yangu. Mtu mzima na kofia yake, kwenye bomba la watoto, katikati ya watoto wa watu. Nikashuka, maji yakaniingia puani, nikasimama kuwapungia mkono. Hawakuwa wananiangalia.

Nikawakuta wanaongea na Mkenya mmoja, nesi wa Sadd, kule Doha mjini, aliyekuja na mabinti zake. Akatuambia, "Kesho tunachomoka asubuhi na gari yangu. Mkitaka niwaangushe Wakrah, si shida, ni njia tu." Nikamshukuru, nikamwambia tuna basi letu Alhamisi. Saumu alimwomba namba.

Jioni chumbani yakalipuka. Wifi alisema nimemleta jangwani nikamfungia kama kuku kwenye tenga. Nikamwambia mtoto ni wangu.

"Sijasema si wako," akasema. Akageuka kumsuka Nasra nywele. Mkono wake haukutikisika. Nilimchukia mpaka nikaenda kusimama bafuni.

Jumatano, 10 Desemba, asubuhi

Baada ya sala ya alfajiri nilirudi kitandani. Nikamwona Saumu anakunja nguo zake. Nilijua anakwenda wapi na anakwenda na nani. Nikafumba macho.

Alisimama muda karibu na Nasra. Akavua kanga aliyojitanda, akaiweka kwenye mto, pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Akatoka, mlango hakuupiga.

Ningeweza kusema neno. Sikusema. Nilifikiri, sasa nimebaki naye.

Jumatano, jioni

Niandike kabla sijalala.

Nasra aliamka akaita. Mimi nikaitika. Akaangalia kitanda, akaangalia bafuni, akatoka mbio bila viatu. Mimi nyuma yake, Hamadi nyuma yangu na kikoi. Tukamkuta kwenye maegesho anachungulia kwenye madirisha ya magari ya watu, moja baada ya jingine, anaita mama. Nilipomshika alinipiga tumboni kwa ngumi. Ngumi za mtoto zinauma. Akasema tumfuate. Nikasema hatuna gari.

Hamadi alikuwa amesimama mikono imelegea. Dereva katikati ya magari ya watu. Akaniuliza, "Umefurahi, Mama Nasra?"

Basi la hoteli ni kesho. Mtoto nimempata, hana pa kwenda isipokuwa kwangu, kama nilivyotaka. Na analia mpaka anatapika.

Nikachukua simu nikampigia Madam mwenyewe. Nilimwambia nilikosea, tafadhali tunaliomba gari. Aibu iliniwasha masikio. Alicheka sana. Akasema yalla, haya, aje achukue, ila kesho usiku dereva awe kazini. Hamadi akapanda teksi kwenda Pearl.

Mimi na Nasra tukakaa ukingo wa barabara, getini. Kajifunika kanga ya Saumu hadi puani. Sikumgusa. Hakunisogelea wala hakunikimbia. Baada ya muda mrefu akauliza kama baba anakuja na gari. Nikasema anakuja. Akauliza tutamfuata mama? Nikasema tutamfuata. Tangu aje Doha hajawahi kuanza yeye kuniongelesha bila kusukumwa na mtu.

Tulimkuta Saumu jikoni kwetu anapika maharage ya nazi. Nasra akamrukia. Niliangalia pembeni, nikahesabu vikombe ukutani.

Mtoto alipokwenda kwa baba yake, wifi akasema bila kuacha kukoroga:

"Wewe ulipoondoka uliacha kanga yako. Alilala nayo mwaka mzima. Sikuifua, kwa sababu alikuwa anaitafuta harufu. Hata mimi alinikataa, wifi. Mwaka mzima."

Miaka yote hii hakuwahi kuniambia. Nilimchukia zaidi kwa kutoniambia. Nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, nikalia kwa sauti mbaya. Yeye akazima jiko.

Sikuomba radhi. Nilimwambia chumba cha risoti ni chetu hadi kesho, na maharage tunaweza kuyabeba. Akayafunga kwenye kibakuli.

Njiani kurudi, yeye na Nasra nyuma, mimi mbele. Sikugeuza shingo.

Alhamisi, 11 Desemba

Leo familia zote zinaingia majini. Saumu aliazima nguo za kuogelea pale mapokezi, zinambana, zimefika kwenye goti tu, akavaa suruali yangu ndani yake. Tulicheka, kila mtu kivyake. Alipanda bomba dogo na Nasra mara moja, akashuka anataja majina yote ya Mwenyezi Mungu, akasema yeye basi. Hamadi alisimama chini majini kudaka.

Nasra alitaka tena. Alimwangalia Saumu, Saumu akawa anakamua suruali. Akaniangalia mimi. Tukapanda. Juu kule alinikaba shingo kwa mikono miwili, na tulivyofika chini akaniachia palepale akamkimbilia baba yake. Shingo ina alama ya kucha.

Saa ya kuondoka, chumba kilikuwa aibu tupu. Maji hadi mlangoni. Taulo zote mbichi, moja juu ya taa. Maharage kwenye shuka. Kwa mazoea nilianza kutandika, kisha nikaacha. Nikamwachia dada wa zamu ahsante, na samahani.

Kwenye gari Saumu akafungua mlango wa mbele.

"Nyuma kunanichefua," akasema.

Uongo. Huyu ni mtu wa kutoka Tanga hadi Dar kwa basi anakula mayai ya kuchemsha njia nzima. Nasra akanung'unika, akamwita mara mbili. Saumu akafunga mkanda, akaangalia mbele.

Bado simpendi. Ila nilikaa nyuma.

Mtoto alijibana dirishani na kanga yake. Hatujafika mbali usingizi ukamchukua. Kichwa kikayumba kwenye kioo, kikayumba tena, kikaanguka mkononi kwangu. Nywele zina harufu ya maji ya dawa ya risoti, na mafuta ya nazi aliyompaka wifi.

Hamadi alituona kwenye kioo cha kuangalia nyuma. Njia ya kuingia Wakrah ikafika. Hakuwasha indiketa, akaipita. Mkono ulikuwa umekufa ganzi hadi begani, sikuusogeza. Tulikwenda hivyo hadi Sadd, tukapita mbele ya hoteli yangu, ndipo akageuza kurudi nyumbani.